Ng'onda Mlangoni kwa Haddow

Mwezi wa Agosti stesheni ya Regina, mji wetu wa ngano katikati ya nchi, haikuwa mahali pa mtu mwenye haraka. Treni za wavunaji zilimiminika kutoka mashariki, behewa baada ya behewa, zimejaa vijana waliovuka nusu ya nchi wakiwa wamekalia mbao tupu. Kila aliyeshuka alikutana na mkulima anayemshika mkono kabla hata hajajua yuko wapi. Ndivyo tulivyoajiriana sisi watu wa nchi tambarare wakati ule. Ngano imeiva, mikono haitoshi, mkulima anapima mabega kwa macho, anavuta, wanaondoka. Ilikuwa mwaka 1928, maghala yalitapika ngano, na usingempata mtu Regina wa kumwambia kwamba mambo hayo yana mwisho.

Lorne Haddow alikuwa pale, ingawa mkulima hakuwa. Aliuza matrekta. Alivaa suti ya rangi ya maziwa, kofia ya ukili, na viatu vya rangi mbili ambavyo nusu ya mji ulivijua kwa mlio. Alikuja kumtafutia mteja wake vibarua, maana Lorne alikuwa mtu wa namna hiyo: akikuuzia trekta, anakutafutia na wa kuliendesha. Katikati ya msongamano akaona kwa nyuma koti refu la kibaharia na kofia ya sufu. Akashika mkono.

"Twende, kijana. Mabega si haba. Chakula mara nne kwa siku, na mama mwenye shamba anajua kupika."

Koti likageuka. Ndani yake mlikuwa na msichana mwenye nywele zilizokatwa shingoni, macho ya kijivu, na pua iliyochubuliwa na jua.

"Kwa mabega nashukuru," alisema. "Lakini kijana ni kaka yangu, na yeye yuko Boston. Mimi kaniachia koti tu."

Lorne alivua kofia haraka mpaka nusura imtoke mkononi. "Samahani, dada. Kwa nyuma..."

"Kwa nyuma wote tunafanana. Sasa unaniachia mkono au unaniajiri?"

"Unajua kuendesha trekta?"

"Najua kuendesha mashua."

"Huku hakuna bahari, bibie."

"Naona. Mmeipeleka wapi?"

Jamani, kuna wanaume huoa kwa sababu ya sura, na wengine kwa sababu ya kupikiwa. Lorne alinasa kwa jibu hilo. Alisahau vibarua, akasahau mteja, akabeba sanduku la mgeni hadi nyumba ya kupanga aliyoelekezwa. Njiani akajua kwamba msichana anaitwa Verna Corkum, kwamba ametoka Teal Cove, kijiji cha wavuvi kule Nova Scotia, pwani ya mashariki, na kwamba amepata kazi ya opereta wa simu, ya kuwaunganisha wapigaji kwa waya.

"Na kwenu kuna nini siku hizi?" Lorne aliuliza.

"Kwetu kuna ukungu, na viwanda vilivyofungwa. Samaki hana bei. Vijana wote wameondoka, hata makaburi karibu yatakosa wa kuyafyekea."

"Basi umekuja pazuri. Huku ukidondosha punje ya ngano mfukoni, kesho lazima uvune koti."

Verna alicheka. Lorne alikuwa na majivuno, lakini majivuno yenye jua ndani yake, na Verna alikuwa ametoka kwenye ukungu.

Haukupita mwezi, simu za Regina zikawa na mgonjwa mmoja. Alipiga asubuhi, alipiga saa ya chai, na kila mara aliomba aunganishwe na mahali ambapo hakuwa na shida napo.

"Namba tafadhali," Verna angesema, amekaa wima mbele ya ubao wake wa nyaya, blauzi nyeupe imepigwa pasi, na Bi. Tuttle, msimamizi wao, akipita nyuma ya viti kama mwalimu wa mtihani.

"Naomba namba ya msichana mmoja mwenye macho ya kijivu."

"Laini hiyo ina mtu, bwana."

"Nani huyo? Nimpige."

"Ni muuza matrekta mmoja. Anaongea sana, hakati."

"Basi mwambie nampenda yule msichana kuliko yeye anavyompenda."

"Nitamfikishia ujumbe," Verna angesema kwa sauti ya kazi, mashavu yakimwaka, na kuchomoa waya kabla Bi. Tuttle hajafika.

Walipendana mchana kweupe, mji mzima ukiona. Jumamosi walikwenda kucheza dansi, Verna katika gauni la hariri la kijani lenye marinda magotini. Lorne alimnunulia koti lenye kola ya manyoya, alimnunulia saa, alimnunulia chokoleti ya sanduku zima. Yeye mwenyewe hakukubali kununuliwa hata kikombe cha chai.

"Mbona huniachii nami nikupe kitu?" Verna alimuuliza siku moja.

"Umejileta wewe mwenyewe. Vingine nitaleta mimi."

Maneno matamu hayo, na msichana yeyote angeyeyuka. Mimi naona mtu asiyejua kupokea ana ugonjwa, ila hauonekani mpaka siku mkono wake utakapokuwa mtupu.

Akamvisha pete. Wakakubaliana harusi iwe baada ya mavuno yajayo. Verna angeacha kazi, kwa kuwa kampuni ya simu haikuajiri mke wa mtu. Ukiolewa leo, kesho kiti chako kina mwingine. Wakati ule hilo halikumuumiza mtu kichwa. Lorne alikuwa na mshahara, na nyumba ya matofali alikuwa ameshaichagua.

Mavuno yale yakaja na bei ikaanguka. Yaliyofuata yakaja na bei ikazama. Halafu hayakuja kabisa. Mvua iligoma, upepo ukainua udongo wa mashamba ukautia ndani ya nyumba zetu, tukawa tunapindua vikombe mezani visijae vumbi kabla ya chai. Nzige walikula hata mishikio ya majembe kwa chumvi ya jasho. Wakulima walirudisha matrekta. Walioyabakisha hawakuwa na mafuta, wakafunga farasi mbele ya magari yao na kuyavuta kama mikokoteni. Mwajiri wa Lorne akafunga tawi la Regina siku ya Ijumaa, na Jumatatu vioo vilikuwa vimepakwa chokaa.

Lorne aliuza gari, akauza saa, akahamia na mama yake katika kibanda cha mbao ukingoni mwa mji. Suti ya maziwa aliendelea kuivaa, imefifia na kuwa rangi ya uji.

"Tuoane tu," Verna alimwambia.

"Ukiolewa nami utafukuzwa kazi. Tutakula nini, mpenzi?"

"Tutakula watakachokula wengine."

"Wengine wanasimama foleni ya msaada. Mimi foleni sisimami. Nusu ya watu walioko pale niliwauzia matrekta, Verna. Nitawaangaliaje?"

"Utawaangalia kwa macho. Na wao wanayo."

Hakusikia. Harusi ikasogezwa, ikasogezwa tena. Foleni akaenda mama yake, bibi mfupi mwenye magoti mabovu, na Lorne akajifanya haoni kikapu kilikotoka. Mtu mzima.

Majira ya baridi ya mwaka 1931 yalipoingia, treni zikaanza tena kuja kutoka mashariki, safari hii bila vijana. Makanisa ya kule yalikuwa yamesikia kwamba watu wa ngano hawana unga. Yakajaza mabehewa: tufaha, maharage, viazi, nguo za watoto, na ng'onda. Masanduku kwa masanduku ya ng'onda, samaki wakubwa weupe wa bahari yao, wamepasuliwa, wametiwa chumvi na kukaushwa mpaka wakawa wagumu kama meza.

Sasa wewe unayesoma hapo ulipo, najua umeshajua ng'onda anafanywaje. Sisi hatukujua. Mtu wa Regina alikuwa anaishi umbali wa treni ya siku kadhaa kutoka bahari ya kwanza. Samaki aliyemjua yeye ni yule wa kopo. Tulichemsha ng'onda akiwa na chumvi yake yote. Tukakaanga, tukapata chumvi ya kukaanga. Jirani yangu alimpa mbwa, mbwa akanywa maji siku nzima na kuanzia hapo akawa anamkwepa. Wengine wakaziba matundu ya banda la kuku. Yuko mmoja aliyekata soli za viatu, na nasikia hazikuvuja.

Jumapili moja ya Januari, baada ya ibada, Verna alikwenda kuwatembelea akina Haddow. Alivaa lile koti lenye kola ya manyoya, mkononi ana kipande cha keki. Baridi ilikuwa ya kupasua midomo. Alipofunga mlango nyuma yake akaona jambo jipya: lile pengo la chini, lililokuwa likipitisha theluji hadi kwenye zulia, limezibwa. Kitu kipana, cha rangi ya njano hafifu, kimepigiliwa kwa misumari toka bawaba hadi komeo.

"Umeona ufundi wangu?" Lorne alisema kwa furaha. Hakuwa amefurahi hivyo kwa muda mrefu. "Mbao kutoka kwenu, mpenzi. Bora kuliko za duka."

Verna aliinama. Akagusa kwa kidole, akapeleka kidole ulimini.

"Mama alijaribu kupika," Lorne aliendelea.

"Nilichemsha mwanangu, nikachemsha," alisema Mama Haddow kutoka kwenye jiko la chuma. "Chumvi ikatupanda mpaka machoni."

"Nikamwambia, mama, hiki si chakula, hapa wametutania. Wamekaa huko wanacheka: hebu tuwatumie wale wenye majivuno ubao, tuone kama watatafuna."

Verna alikuwa akitazama sanduku tupu lililogeuzwa kigoda kando ya jiko. Ubavuni mwake palikuwa na maandishi ya rangi nyeusi: Kanisa la Teal Cove.

"Lorne," alisema taratibu, "huyu ni kazi ya baba yangu."

"Nani?"

"Huyo uliyempigilia misumari. Teal Cove wanaopasua samaki ni baba na ndugu zake. Wamekaa na visu hadi vidole vikavimba, mama na shangazi zangu wakawageuza juani kila siku kiangazi kizima. Na wewe umemgongelea mlangoni apigwe mateke."

Kicheko kikamtoka Lorne usoni, kikaingia kitu kingine. "Subiri kwanza. Wamejuaje huko kwenu kwamba huku tuna njaa? Ni wewe uliyewaambia?"

"Nilimwambia mama kwamba watu wa huku wana shida. Ndiyo."

"Ukanitaja."

"Sikukutaja."

"Huhitaji kunitaja. Watasema, yule binti wa Corkum aliyechumbiwa na tajiri wa Regina, leo analia njaa. Umenianika mimi hadi baharini, Verna. Na wao wakatuma walichoshindwa kuuza."

"Kweli walishindwa kuuza," Verna alisema. "Hakuna anayenunua. Ndiyo maana hicho ndicho walichopanga kula wenyewe mpaka barafu iondoke. Hukufikiria hilo? Unadhani wanatoa kwenye ziada? Kwetu neno ziada hawalijui."

"Sikuomba."

"Hukuomba, na hukulowesha. Ungeuliza tu. Kuuliza nako kungekuvunja mfupa gani?"

Akachukua chuma cha kuchokolea moto, akapiga magoti, akang'oa misumari mmoja mmoja, kola ya manyoya ikiburura sakafuni. Lorne alisimama pale pale kama nguzo. Mama Haddow alikuwa analia kwenye aproni. Verna akaweka samaki kwapani, akafungua mlango, na kuondoka. Pete alijaribu kuivua hapo nje ili airudishe, lakini vidole vilikuwa vimevimba kwa baridi, haikutoka. Akaenda nayo. Watu wa Regina tukamwona akipita barabara kuu na koti la bei na ng'onda kwapani, akilia, na hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Lorne alisubiri hasira zipoe, zake na za Verna. Kisha akaenda dukani kwa Bwana Sauder, muuza vyakula, kuomba simu.

"Namba tafadhali."

"Verna, ni mimi."

"Namba tafadhali."

"Laazizi, usinifanyie hivyo. Nisikilize."

Waya ukachomekwa. "Zimamoto," ilisema sauti nzito. "Kunaungua wapi?"

Ilimchukua Lorne muda kueleza kwamba hakuna panapoungua. Siku ya pili akapiga tena, na Verna akamuunganisha na mtengeneza majeneza. Siku ya tatu hakupiga.

Verna hakuwa na raha nyuma ya ubao wake, usidhani. Usiku aliwaza: nimempenda mtu ambaye mkono wake unafunguka upande mmoja tu. Nikiolewa naye nitapoteza kazi, na yeye atakufa njaa mbele yangu kwa ajili ya heshima. Hilo ndilo lililokuwa mbele yake, hata misumari ilikuwa jambo dogo. Angeweza kuvumilia umaskini. Kuishi na mtu anayeona aibu kupewa, hapo alishindwa kujiona.

Lakini chakula kilikuwa kinaharibika mji mzima, na hilo lilimkera kuliko mapenzi. Akamwendea mchungaji, akaomba jiko la chini ya kanisa. Akina mama wakaalikwa, waje na samaki zao popote walipo, hata kama wako kwenye banda la kuku.

Walikuja kwa wasiwasi. Verna alijifunga aproni, akakunja mikono. "Mama zangu, huyu hapikwi leo," aliwaambia. "Leo anaoga. Mtie kwenye maji ya baridi, mwache alale humo. Asubuhi mwaga maji, mpe mengine. Jioni tena. Kesho tukutane."

Kesho yake walimkuta amelainika, mweupe, nyama inaachia kwa kidole. Akamchemsha kidogo tu pamoja na viazi, akakaanga vitunguu na vipande vya mafuta ya nguruwe hadi vikashika rangi, akamwagia juu. Harufu ile ilipanda ngazi ikaingia hadi kwenye madhabahu. Mama Haddow, aliyekuja akijificha nyuma ya wenzake, alionja kijiko kimoja, akakiweka chini.

"Nisamehe, mwanangu," alisema.

"Hakuna la kusamehe, mama. Na mimi nilipofika huku sikujua ngano inatoka kwenye nini." Verna akamjazia bakuli, akalifunika kwa kitambaa. "Mpelekee."

Mama Haddow alilibeba bakuli ndani ya koti hadi nyumbani, akaliweka mezani mbele ya mwanawe.

"Kula."

"Sina njaa, mama."

"Njaa unayo. Usilo nalo ni adabu. Kula."

Lorne akala. Alianza polepole, mwisho akawa anakwangua bakuli. Mama yake alimtazama mpaka alipomaliza, ndipo akakaa.

"Verna ametueleza leo, wala hakukusema wewe. Wale wenzetu umaskini umewakuta kabla yetu. Wakati wewe unatembea na viatu vya rangi mbili, wao walikuwa wanafunga viwanda na kusindikiza watoto. Ulijua?"

"Nilijua. Aliniambia siku ya kwanza."

"Ukatuma nini?"

Lorne aliliinamia bakuli tupu.

"Nakuuliza, mwanangu. Tulikuwa na ngano ya kulalia. Tuliwatumia hata gunia?"

"Hatukutuma kitu, mama."

"Basi," alisema yule bibi, na kwenda kuosha bakuli.

Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Hawakutuachia msemo wa kupokea, na nadhani ni kwa sababu ni kazi ngumu zaidi. Lorne alikaa kando ya jiko mpaka moto ukazima. Asubuhi alivaa suti yake ya rangi ya uji, akafunga tai, akatoka. Alikwenda kwa mkulima mmoja aliyehamia mjini, mteja wake wa zamani wa trekta, akagonga.

"Haddow? Umekuja kuchukua trekta? Lilishachukuliwa."

"Nimekuja kuuliza samaki wako wako wapi."

"Wameziba dirisha."

"Watoe. Nitakueleza la kufanya. Mimi mwenyewe nilimpigilia mlangoni, mjinga kama nilivyo, kwa hiyo usione haya."

Alikwenda nyumba hiyo, akaenda ya jirani, akaenda mtaa mzima. Ulimi ule uliouza matrekta kwa watu wasio na mashamba sasa ulikuwa unauza ng'onda bure. Alionyesha, aliigiza, alijicheka mwenyewe mbele ya watu aliowakimbia mwaka mzima. Siku ya foleni ya msaada alisimama foleni kama mtu yeyote, akiwaeleza wa mbele na wa nyuma habari za kubadilisha maji.

Kwa Verna hakwenda. Hakuwa na uso wa kumtazama. Lakini alisahau mpenzi wake anafanya kazi gani. Simu za Regina zote zilipita mikononi mwa wale wasichana, na wiki hiyo hazikuwa na habari nyingine.

"Amekuja kwangu yule Haddow," alisikika mama mmoja. "Anasema mlango wake ulikuwa na ladha kuliko chakula chake."

"Na kwangu kaja. Anasema wale watu walijinyima. Alipofika hapo akashindwa kuendelea, shoga, akaangalia dirishani."

Verna alikuwa amechomeka waya na hakukumbuka kuutoa. Machozi yalimdondokea kwenye ubao. Bi. Tuttle akaja nyuma yake, akasimama.

"Corkum. Maji na umeme havipatani," alisema, akampa leso.

Mwaka huo wa 1932 ulikuwa mwaka mrefu, Februari ina ishirini na tisa. Kwetu siku hiyo ina mila yake: mwanamke anaruhusiwa kumposa mwanamume, na mwanamume akikataa anamnunulia glavu za kuficha kidole kisicho na pete. Kanisa liliandaa karamu ya samaki jioni hiyo. Meza ndefu, taa zote, watoto chini ya meza. Lorne alikuwepo kwa sababu mama yake alimwambia magoti yanamuuma na hawezi kuja peke yake. Alikaa mwishoni kabisa.

Verna alivaa lile gauni la kijani la dansi, limepitwa na wakati, amelishushia pindo. Alibeba sahani kutoka jikoni, akapita meza zote, akaiweka mbele ya Lorne. Ukumbi ukaanza kunyamaza, kwanza karibu, halafu mbali.

"Bwana Haddow, unajua leo tarehe ngapi?"

"Najua." Lorne alikuwa amekuwa mwekundu mpaka masikioni. "Verna, kaa kwanza. Nilitaka kuja. Kila siku nilitaka kuja."

"Habari zako nimezisikia zote. Mji mzima unakusema kwenye simu. Sasa nisikilize wewe. Nakuomba unioe."

"Utafukuzwa kazi."

"Nimeshamwambia Bi. Tuttle leo asubuhi."

"Kabla hujaniuliza mimi? Na kama ningekataa?"

"Ungeninunulia glavu. Nina baridi, ningezipokea."

Watu wakacheka, na Lorne akacheka nao huku macho yamejaa. "Kamati ya msaada inataka niende na behewa la samaki, mji kwa mji, kuonyesha watu," alisema. "Ni posho na makaa tu. Sina nyumba ya matofali, Verna. Sina cha kukuletea."

"Sikuuliza una nini. Utakaa nami nikupe, ukubali, kama mimi nilivyokubali vyako? Hilo tu nataka kujua. Nikikupa kula utakula?"

Lorne akavuta sahani, akachukua uma, akala mbele ya watu wote aliowahi kuwauzia trekta. Akatafuna, akameza.

"Nitakula," alisema. "Na nitakuoa, ukinikubali nilivyo. Nashukuru, mpenzi wangu. Sikuwahi kukwambia, na nilipaswa kukwambia zamani."

Mama Haddow alikuwa wa kwanza kusimama na kupiga makofi, magoti mazima kabisa.

Siku ya mwisho ya Verna kazini, zamu ilipokuwa inaisha, Bi. Tuttle alimwekea mkono begani. "Usivue simu kichwani bado. Kuna laini inakusubiri."

Majira yale ya baridi ndiyo kwanza nyaya za simu zilikuwa zimeunganisha nchi yetu bahari hadi bahari. Kuzungumza mbali namna hiyo ilikuwa anasa ya mawaziri. Lakini maopereta wana undugu wao. Regina alimwomba Winnipeg, Winnipeg akamwomba Toronto, Toronto Montreal, Montreal Halifax, msichana kwa msichana, hadi simu pekee ya Teal Cove, kwenye duka la kijiji. Kule alikuwa anasubiri Mzee Corkum na kofia mkononi. Na upande huu, dukani kwa Bwana Sauder, alikuwa Lorne.

"Mzee Corkum?" Lorne alisema. Kulikuwa na mvumo kwenye laini, kama upepo shambani.

"Nani huyo?"

"Lorne, mzee. Nitamwoa Verna Jumamosi."

"Najua. Mama yake hajalala."

"Nimepiga kushukuru. Kwa samaki mliotuma."

"Mliwalowesha?"

Verna, kwenye ubao wake, aliziba mdomo kwa mkono. Lorne angeweza kusema ndiyo. Zamani angesema ndiyo.

"Mwanzo hatukuwalowesha, mzee. Hatukujua. Mmoja nilimpigilia mlangoni kuzuia baridi."

Nchi nzima ikanyamaza. Halafu kutoka ukingo wa bahari kikaja kicheko cha mzee, kikavu, kinakatika na kuanza upya. Akasikika akimweleza mkewe, na yule naye akaanza. Kisha Halifax akashindwa kujizuia, na Montreal, na Toronto, wasichana ambao hawakupaswa hata kuwa wanasikiliza.

"Baridi iliingia?" mzee aliuliza alipopata pumzi.

"Haikuingia, mzee."

"Basi alifanya kazi yake. Tulimtuma awasaidie, mwanangu, hatukumwambia kwa njia gani."

Lorne alitaka kusema jambo lingine, alikuwa ameliandaa tangu asubuhi. "Asante, baba," ndiyo maneno pekee yaliyotoka, na baada ya hapo ilisikika pumzi yake tu, ikipanda na kushuka, na mzee kule akimsubiri bila haraka. Wale wasichana walikuwa wameambiwa wawape dakika chache. Dakika zikaisha, wakatazama saa zao, na hakuna hata mmoja aliyekata.